Iko wapi? Kutafuta herufi ndani ya stringi kwa lugha ya C

(Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta, Dodoma)

Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: mbukwenyi! Waliojibu haraka ni wenyeji. Wageni msijali, mtazoea. Mji huu umetupokea wengi tangu Serikali ihamie, na wote tumeanza kwa kunyamaza tukisalimiwa.

Mada niliyopewa ni ndogo. Kutafuta herufi ndani ya stringi, yaani mfululizo wa herufi kama neno au sentensi, kwa lugha ya C. Mwalimu aliyenialika ananiambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulifanya zoezi hili kila muhula na hulisahau kila muhula. Mimi naona wanalisahau kwa sababu swali lenyewe huulizwa vibaya. Karatasi inasema: "Andika programu itakayopokea neno na herufi, kisha ieleze kama herufi hiyo imo." Mwanafunzi anaweka kigezo, anakipa sifuri, anazungusha lupu, akiona herufi anakipa moja, mwishoni anaandika "Imo" au "Haimo". Anapata alama zake, anakwenda kula.

Lugha ya C haijibu hivyo. Ukiiuliza kuhusu herufi, inakujibu iko wapi. Na ukishajua iko wapi, kuna kazi nyingi mno unazoweza kufanya ambazo jibu la ndiyo na hapana halikuruhusu. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote ni kulifafanua, pamoja na kuwaonyesha mashimo yaliyomo njiani.

Tuanze na jina la mji wetu. Nimeliandika ubaoni:

    char mji[] = "Dodoma";

Herufi ni sita, lakini kumbukumbu iliyotumika ni baiti saba: 68, 111, 100, 111, 109, 97, na mwisho kabisa 0. Sifuri hiyo haimo kwenye jina, wala haionekani ukilichapisha. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu ya C kuwa programu ya kuendeshwa, ndiyo iliyoiweka, na bila hiyo sifuri hakuna stringi. Stringi ya C haina mahali ilipoandikwa urefu wake. Waliofika Hombolo au Makutupora wameona mizabibu inavyopandwa kwa mistari, waya umevutwa, na mwisho wa kila mstari kuna nguzo. Anayekagua hupita mche kwa mche mpaka nguzo. Hana karatasi yenye idadi ya miche. Nguzo ikiwa imeng'olewa, atavuka mpaka aingie shamba la jirani na kuanza kukagua mali isiyomhusu, tena bila kujua kwamba amevuka.

Uamuzi huu una historia. Dennis Ritchie aliitengeneza C katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na desturi ya kumaliza stringi kwa alama ilitoka kwa lugha ya B iliyoitangulia. Wangeweza kuweka urefu mwanzoni mwa stringi, kama zilivyofanya lugha nyingine, lakini urefu unaokaa katika baiti moja hauwezi kuzidi 255. Wakachagua alama ya mwisho. Faida yake ni kwamba stringi inaweza kuwa ndefu utakavyo. Gharama yake mnaijua wote mliowahi kuona programu ikichapisha takataka baada ya jina la mtu.

Sasa tutafute. Ninapenda kila mwanafunzi aandike lupu hii kwa mkono wake, kisha aiache maisha yake yote:

    char *tafuta(char *s, char c)
    {
        while (*s != '\0') {
            if (*s == c)
                return s;
            s++;
        }
        return NULL;
    }

Angalieni inachorudisha. Ni pointa, yaani anwani ya baiti ilipopatikana herufi. Isipopatikana inarudisha NULL, yaani pointa isiyoelekeza popote. Maktaba ya kawaida ya C ina fankisheni inayofanya kazi hiyohiyo, jina lake strchr, na unaipata ukiandika #include <string.h>. Kwenye Unix za zamani mtakuta ikiitwa index; jina hilo msilitumie leo, kwani hata POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, ililiondoa katika toleo la 2008.

    char *p = strchr(mji, 'o');
    if (p != NULL)
        printf("%td\n", p - mji);

Hii inachapisha 1. Tumetoa anwani ya mwanzo kwenye anwani iliyopatikana, tukabaki na nafasi, na nafasi huanza kuhesabiwa kwenye sifuri. Hiyo %td ndiyo alama sahihi ya kuchapisha tofauti ya pointa mbili. Ipo tangu C99, ingawa vitabu vingi vya kozi bado vinaandika %d kana kwamba haijatokea. Ukimchapisha p mwenyewe kwa %s utapata "odoma", kwa sababu kwa C stringi ni kuanzia anwani uliyonayo mpaka sifuri. Wengi huona "odoma" wakadhani fankisheni imeharibika. Haijaharibika. Imekupa mkia wa neno kuanzia pale ulipouliza.

Ukitaka 'o' ya mwisho, ipo strrchr yenye r mbili, nayo itakupa nafasi ya 3. Ndiyo ya kutumia unapotafuta kiambishi cha jina la faili: katika "ripoti.2024.pdf" nukta unayoitaka ni ile ya nafasi ya 11, si ya 6. Na ukitafuta 'd' ndogo katika "Dodoma" utapata 2, si 0, maana D kubwa ni 68 na d ndogo ni 100. Kompyuta haijui kwamba hizo ni ndugu.

Kuna tofauti moja kati ya lupu yetu na strchr ambayo watu huipita mbio. Itafute sifuri yenyewe. Lupu yetu itarudisha NULL, kwa kuwa inasimama kabla ya kuilinganisha. strchr inahesabu sifuri ya mwisho kuwa sehemu ya stringi, kwa hiyo inakurudishia anwani yake. Linaonekana jambo dogo. Nitawaonyesha linavyouma.

Tuseme unaandika programu ya kushughulikia maneno ya Kiswahili, labda ya kukata neno vizuri mwishoni mwa mstari. Unahitaji kuruka vokali zilizotangulia. Unaandika:

    while (strchr("aeiou", *s))
        s++;

Unajaribu neno "asali": inaruka a, inakuta s, inasimama. Unajaribu "uongo": inaruka u na o, inakuta n, inasimama. Unafurahi. Siku moja mtumiaji anaingiza neno "ua", au "oa", au hata "au". Lupu inaruka vokali ya kwanza, inaruka ya pili, inafika kwenye sifuri. Inauliza: je, sifuri imo ndani ya "aeiou"? strchr inajibu imo, iko pale mwishoni, na anwani yake hii hapa. Jibu si NULL, lupu inaendelea, s inavuka nguzo. Kuanzia hapo unasoma kumbukumbu ya jirani. Kwa Kiingereza kosa hili linaweza kukaa muda mrefu bila kuonekana, maana maneno yao ya vokali tupu ni machache mno. Kwetu sisi ni maneno ya kila siku.

Tiba yake ni kuuliza kwanza kama neno limekwisha:

    while (*s && strchr("aeiou", *s))
        s++;

Au utumie strspn, ambayo inakuhesabia moja kwa moja ni herufi ngapi za mwanzo zimo katika orodha uliyoipa, nayo haina tatizo hilo: s += strspn(s, "aeiou"). Ndugu yake strcspn inahesabu mpaka herufi ya kwanza iliyomo kwenye orodha. Mimi nadhani hizi mbili ni kati ya fankisheni nzuri kuliko zote katika string.h na ni kati ya zinazofundishwa kidogo kuliko zote.

Mtaniuliza: anwani hii nitaifanyia nini? Chukua data ya kawaida kabisa ya mkoa wetu. Umepewa faili la soko la mahindi la Kibaigwa, kila mstari una jina la soko, zao na idadi ya magunia, vimetenganishwa kwa mkato:

    char mstari[] = "Kibaigwa,mahindi,120";
    char *zao = strchr(mstari, ',');
    if (zao == NULL) return -1;
    *zao++ = '\0';
    char *gunia = strchr(zao, ',');
    if (gunia == NULL) return -1;
    *gunia++ = '\0';

Tazameni kilichotokea. Mkato wa kwanza ulikuwa nafasi ya 8. Tumeufuta tukaweka sifuri. Wa pili ulikuwa nafasi ya 16. Nao tumeufanya vivyo hivyo. Baiti ni zilezile 21 tulizoanza nazo, hatujanakili hata moja, lakini sasa tuna stringi tatu: mstari inasomeka "Kibaigwa", zao ni "mahindi", gunia ni "120". Jibu la "Imo" lisingekufikisha hapa.

Atanyoosha mtu mkono aseme ipo strtok, fankisheni ya kukata stringi vipande. Ipo, na kwa data hii ni hatari. Mstari ukija "Kibaigwa,,120" kwa sababu karani hakujaza zao, strtok inaihesabu mikato miwili inayofuatana kuwa mmoja, na 120 yako itakaa mahali pa zao. strchr haifanyi hivyo. Itakupa uga mtupu, nawe utajua kwamba haukujazwa. Kwa takwimu za watu mimi ningechagua uga mtupu kuliko uga uliohama.

Angalizo kuhusu mabano yale ya mraba. Ukiandika char *mstari = "Kibaigwa,..." badala ya char mstari[], unaelekeza kwenye maandishi usiyoruhusiwa kuyabadilisha, na kwenye Linux programu yako kwa kawaida itauawa papo hapo ukijaribu kuweka sifuri. strchr ya zamani haikusaidii kuliona hili, kwa sababu hata ukiipa stringi iliyolindwa kwa const, neno la C la kuzuia mabadiliko, inakurudishia pointa isiyo na const. Kiwango cha C23, kilichotoka rasmi mwaka 2024, kimeliziba pengo hilo: ukiipa const, inakurudishia const.

Turudi kwenye kibodi, maana ndiko wanafunzi wengi wanakoumia kabla hata hawajaifikia strchr. Programu inaomba neno kwa scanf("%s", neno), halafu inaomba herufi kwa scanf("%c", &h). Unaandika Dodoma, unabonyeza Enter, na kabla hujaandika herufi yoyote programu inakuambia haimo. Nini kimetokea? Ule ubonyezaji wa Enter nao ni herufi, baiti yenye thamani 10, na %s iliuacha njiani. %c ikaukuta, ikauchukua. Kwa hiyo programu imetafuta Enter ndani ya Dodoma, na imejibu kweli tupu. Weka nafasi kabla ya asilimia, " %c", na scanf itaruka nafasi na Enter zote zilizotangulia. Ukiandika "Dodoma Mjini", %s itachukua Dodoma peke yake na kuliacha Mjini lisomwe na anayefuata. Na ukiandika neno refu kuliko safu uliyotenga, itaandika tu, mpaka kwa jirani.

Ndiyo maana nawashauri fgets. Inajua ukubwa wa bafa yako, yaani safu unayosomea, na inasoma mstari mzima pamoja na Enter. Enter hiyo huondolewa hivi:

    bafa[strcspn(bafa, "\n")] = '\0';

Isipokuwepo, strcspn inarudisha urefu wote na unaweka sifuri juu ya sifuri, hakuna kilichoharibika. Lakini ukiitafuta kwa strchr unapata habari ya ziada: ikirudi NULL, maana yake mstari ulikuwa mrefu kuliko bafa na sehemu yake bado inasubiri kusomwa, au faili limeishia hapo bila Enter. Hapo tena mnaona kwamba hata kukosekana kwa herufi kunakueleza jambo.

Sasa nije kwenye sehemu niliyoitamani tangu niliposhika kipaza sauti. Wengi wenu mmepanga Ng'hong'onha. Andikeni jina hilo kwenye programu yenu mkitafuta ile alama ya juu, ambayo kwa C huandikwa '\''. Kwa kibodi ya kompyuta, jina lina baiti 12, alama ya kwanza iko nafasi ya 2, na strrchr itakupa ya pili kwenye nafasi ya 7. Vizuri. Kisha mwambie mwenzako akutumie jina hilohilo kutoka kwenye simu, au lilivyochapwa kwenye programu ya kuandikia barua za ofisi. Unatafuta, unapata NULL. Unalitazama kwa macho, alama unaiona. Kompyuta inasema haipo.

Inasema kweli. Alama ya kibodi ni baiti moja, 39. Ile iliyopinda, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe bila kukuuliza, ni alama nyingine yenye namba U+2019 katika orodha ya Unicode, na kwa UTF-8, mpango wa kuandika alama za lugha zote kwa baiti, huandikwa kwa baiti tatu, hapa kwa namba za hexadesimali: E2, 80, 99. Jina lako sasa lina baiti 16. strchr hutafuta baiti moja tu, haiwezi kutafuta tatu. Na ukilazimisha kwa kuandika strchr(jina, '’'), kompaila ya GCC itakupa onyo, na ukilipuuza itachukua baiti ya mwisho peke yake, 99, na kukurudishia nafasi ya 4 badala ya 2. Ukikata jina hapo, umekata katikati ya alama, na skrini itakuonyesha vile vimraba vyenye kiulizo tunavyoviona kwenye orodha za majina.

Hili kwetu si jambo la pembeni. Kazini kwangu orodha za kata na vijiji zinatoka kwa watu tofauti, wenye vifaa tofauti, na Chang'ombe moja inaweza kuja kwa sura mbili. Anayelinganisha baiti atasema ni kata mbili. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, mng'ong'o: lugha yetu karibu yote inaandikika kwa baiti mojamoja za ASCII, orodha ya zamani ya herufi za Kiingereza, ila hapo kwenye ng' ndipo simu inapotuchanganya. Dawa ni kutafuta kwa strstr, ambayo inatafuta stringi ndani ya stringi:

    char *p = strstr(jina, "\xE2\x80\x99");

Ukishaipata, ibadilishe iwe 39 na usogeze zilizobaki. Fanya hivyo mara moja data inapoingia, kabla ya kulinganisha chochote. Msifanye wakati wa kutafuta. Mtasahau sehemu moja tu, na hiyo ndiyo itakayowaumbua.

Habari njema ni kwamba mkato wenu wa Kibaigwa uko salama. UTF-8, ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliiunda mwaka 1992, ilipangwa hivi kwamba baiti ya ASCII haitokei kamwe ndani ya alama ya baiti nyingi. Ukiuona mkato, ni mkato kweli, hata majina yakiwa ya Kichina.

Kuhusu kasi sitasema mengi. Msiandike for (i = 0; i < strlen(s); i++). Kila mzunguko strlen inatembea mpaka nguzo upya, na mstari wenye herufi 100,000 unakuwa hatua bilioni 10. Kompaila inaweza kukuokoa, lakini si kila mara. strchr inatembea mara moja tu, na ile ya glibc, maktaba ya C ya Linux, kwenye mashine za kisasa inakagua baiti 16 au 32 kwa mpigo, jambo ambalo lupu yako ya mkono haitalifikia. Ndiyo sababu nimesema iandike mara moja kisha uiache.

Na pale ambapo nguzo haipo kabisa? Data iliyotoka kwenye mtandao kwa read au recv haiji na sifuri mwishoni. strncpy nayo, fankisheni ya kunakili stringi, ikijaza safu yote haiweki sifuri. Nimewaona mafundi wazoefu wakiitetea kwa nguvu kwamba huweka. Hapo tumia memchr. Unaipa anwani, herufi, na idadi ya baiti, nayo haitavuka idadi hiyo:

    char *p = memchr(bafa, '\n', n);

Kwa hiyo kabla ya kuita fankisheni yoyote ya kutafuta, jiulize stringi hii inaishia wapi na nani ameweka huo mwisho. Kama ni wewe au kompaila, strchr. Kama ni mtu wa nje, memchr.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nawaachia kazi: andikeni fankisheni inayohesabu ni mara ngapi "ng'" inatokea katika stringi, iwe imeandikwa kwa alama ya kibodi au kwa ile iliyopinda. Ijaribuni kwa "ngoma", ambayo lazima itoe 0, kwa "mng'ong'o", ambayo lazima itoe 2 kwa sura zote mbili na hata zikichanganywa, kwa stringi tupu, na kwa neno linaloishia na "ng" bila kitu mbele yake, maana hapo ndipo wengi mtachungulia ng'ambo ya sifuri. Atakayemaliza kabla ya chai aje tuisome pamoja. Kipaza sauti kiko wapi? Haya, dada wa mstari wa tatu, uliza.